Mwanzo wa filamu ya gothiki tuliyoshuti Lushoto: mwalimu anasema si gothiki. Nimjibu vipi kwenye tathmini?

BintiSoni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa filamu, na hata wasio nao lakini wanapenda kuangalia filamu za kutisha.

Mimi ni mwanafunzi wa filamu mwaka wa pili, chuo kiko Dar. Kazi ya muhula huu ilikuwa kutengeneza dakika mbili za mwanzo wa filamu. Si filamu nzima, ni mwanzo tu, pamoja na majina ya washiriki yanayopita kwenye skrini. Halafu unaandika tathmini ya maneno elfu moja: mlichagua nini, kwa nini, kipi kimefanya kazi na kipi hakikufanya. Kila kikundi kilichagua utanzu wake. Wenzetu wengi walikimbilia mapenzi na majambazi. Sisi tukachukua gothiki, yaani zile hadithi za kutisha za nyumba kuukuu zenye siri za zamani, kwa sababu ambayo haina usomi wowote: kwetu kuna ukungu na kuna nyumba.

Waliofika Lushoto wananielewa. Ukiiacha barabara kuu pale Mombo ukaanza kupanda zile kona, joto la Tanga unaliacha chini, na mwezi wa saba, saa kumi na moja jioni, unaweza usimwone ng'ombe aliyesimama mbele ya gari. Nyumba yenyewe iko juu ya njia ya kwenda Magamba. Ni ya wakati wa Mjerumani: chini mawe, juu mabati yenye kutu, dohani mbili, na veranda ambayo mbao zake zimeliwa na mchwa. Haikai mtu. Kuna mzee anayeilinda lakini halali ndani, ana kibanda chake pembeni, na ukimwuliza kwa nini anakujibu ndani kuna baridi. Haya mzee.

Sasa dakika mbili zenyewe.

Inaanza skrini nyeusi, sekunde kumi na mbili, unasikia mabati tu. Aliyekulia nyumba ya bati anaijua ile sauti ya jioni: jua likizama bati linapoa, linajikunja, ta... tata... ta. Niliirekodi kwa simu, nimepanda juu ya meza, simu nimeifunga kwenye boriti kwa soksi. Majina mawili ya kwanza yanapita hapo.

Kisha barabara na ukungu. Anatokea mwanamke wa kama miaka thelathini, ana begi la nguo na barua mkononi. Muziki hakuna. Mlinzi (ni yule mzee mwenyewe, alikubali kuigiza) anampokea, anampa funguo na taa ya chemli, anamwambia sentensi moja ya Kisambaa ambayo sikuiwekea tafsiri, kwa makusudi. Mwanamke anapanda ngazi. Kwenye ngazi ya juu anageuka kumwangalia mzee. Mzee habanduki alipo.

Ndani kamera haimfuati. Imesimama ukumbini, yeye anapita na chemli, anatoka kwenye fremu, mwanga unabaki ukutani ukififia. Ukuta ule una vile vipande vya mraba vyeupe, mahali palipotundikwa picha zamani. Anarudi. Anavuta mtoto wa meza, anatoa daftari kubwa. Kurasa zina majina upande wa kushoto na alama za dole gumba upande wa kulia. Anafunua, anafunua. Ukurasa wa mwisho jina moja, alama moja. Anaigusa, wino unamchafua kidole. Mbichi. Kata, jina la filamu linatokea: DENI.

Mwalimu kaandika hivi, nafupisha: hakuna kasri, hakuna kiumbe, hakuna mtu anayeogopa, ukungu peke yake haufanyi gothiki, hii ni tamthilia ya kifamilia iliyotiwa giza. Alama hajaweka, anasubiri tathmini.

Wenzangu wameingiwa na hofu, sasa wanataka tuongeze kivuli dirishani. Mmoja anataka tuweke perere. Kwa asiyemjua, perere ni mnyama wa juu ya miti, ukubwa wa sungura, mpole, anakula majani yake. Lakini usiku akilia sauti yake inapanda hatua kwa hatua mpaka inakuwa ukelele. Tulimrekodi vizuri mno usiku tuliolala kule. Darasani nilipoicheza ile sauti, msichana mmoja wa Mwanza alitoka nje akasema atarudi tukimaliza ujinga wetu. Mimi niliitoa, niliona ni rahisi mno.

Nauliza hivi: hii ni gothiki au mwalimu yuko sahihi? Na kwenye tathmini nimpinge, au nikubali yaishe nipate alama zangu?

Nawasilisha.

---

Chogo wa Manzese

Dada yangu, mimi nimekulia kibanda umiza. Kwa hela ndogo tu unakaa kwenye benchi, filamu tatu mfululizo, jasho linakutoka, na mtafsiri anaongea juu ya kila kitu. Watu wa pale ukiwawekea mama anafunua daftari, mtu anadai hela yake. Weka jini. Hata jini la kukopa kwa jirani. Perere wako ndiye nyota wa filamu, wewe umemtoa!

Ila hilo la wino mbichi... nimelisoma nikajikuta naangalia kidole changu. Sijui kwa nini. Naomba nisiulizwe.

---

Taa Mbili

BintiSoni mdogo wangu, nimeshika taa kwenye filamu za hapa nyumbani kwa miaka. Nyingine zimetoka, nyingine mpaka leo ziko kwenye flashi ya mtu anayedaiwa. Ya mwalimu na gothiki nawaachia wasomi. Mimi naongelea ile shoti ya ukumbini, kwa sababu ndiyo filamu yako yote.

Kamera imesimama, mtu kaondoka na taa. Hapo mtazamaji kaachwa peke yake gizani kwenye nyumba ya watu. Mwalimu anasema hakuna anayeogopa. Anayetakiwa kuogopa pale ni aliyekaa kwenye kiti, si mwigizaji. Kama umeikata mara tu mwanga ulipotoka, irefushe. Acha ukuta uwe mweusi kabisa, acha bati ligonge mara moja, ndipo mwanga urudi. Na ukirudi, utokee upande uleule alioondokea. Wengi wanajidai wabunifu wanamrudisha upande wa pili, mtazamaji anaacha kuogopa anaanza kuchora ramani ya nyumba.

Nakuuliza jingine: chemli ilikuwa inawaka kweli au mliweka balbu? Chemli peke yake haitoshi. Kamera itapandisha usikivu wake, giza lote litajaa chembechembe, na giza lenye chembechembe halitishi mtu, linaonekana simu ya zamani. Tunachofanya sisi: utambi unawaka kweli, ila nyuma ya kioo, upande usioonekana na kamera, unabandika kibalbu kidogo cha betri chenye mwanga wa njano. Halafu mtu mwingine anatembea nje ya fremu na taa ya pili, hatua kwa hatua na mwigizaji. Hapa ndipo watu wanaumbuka. Chemli inashikwa chini, usawa wa goti au nyonga, kwa hiyo kivuli cha mtu kinapanda ukutani, kinakuwa kirefu kuliko yeye. Ukiishika ile taa ya pili juu ya kichwa, kivuli kinashuka. Mtazamaji hawezi kukwambia kosa liko wapi, ila atajua anadanganywa. Angalia picha zako tena: kivuli kinapanda au kinashuka?

Ukungu wa kweli ni zawadi, lakini kamera ikijitafutia fokasi yenyewe mle ndani itahangaika kwenda na kurudi. Mnaofuata mfano huu mkishuti milimani, fungeni fokasi kwa mkono. Na kamera iliyopoa nje usiiingize ghafla jikoni kwenye moto, lenzi inatoa jasho hadi ndani, na huko ndani hakufutiki kwa kanga.

Kama sehemu ya usiku mmeishuti jioni mkaigeuza buluu, iandike bila aibu kwenye tathmini. Nosferatu, ile filamu ya mnyonya damu ya mwongozaji Murnau ya 1922, usiku wake mwingi ulipigwa mchana, kisha kopi zikatiwa rangi ya buluu. Kopi zilizozunguka baadaye bila rangi zinamwonyesha mnyonya damu akitembea mjini jua limewaka. Watu waliogopa hivyohivyo.

Kivuli dirishani hapana. Kivuli dirishani kila mtu anacho.

---

Mwalimu Mstaafu Korogwe

Marahaba binti yangu, hata kama hukuniamkia.

Nimefundisha historia muda mrefu na filamu siijui, ila hilo daftari lako nalijua. Au niseme, nawajua ndugu zake. Sina hakika kama ninyi vijana mmelitunga kwa kubahatisha au kuna mzee aliwasimulia, kwa hiyo nieleze.

Lushoto chini ya Wajerumani iliitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaiser, yaani mfalme wao, na walowezi walikuja juu kule kwa sababu ya baridi na ardhi. Ardhi bila watu haizai kahawa. Mwaka 1907 wakaanzisha kadi za kazi katika wilaya hiyo: kila mwanamume mzima alipewa kadi, na ndani ya kila miezi minne alitakiwa amfanyie kazi mzungu siku 30 kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza alipelekwa kazi za serikali, barabara na mfano wa hayo. Siku ilikuwa inaandikwa baada ya kufanywa. Sasa fikiria wewe mwenyewe, nani alikuwa anaamua kwamba siku imefanywa? Umelima toka alfajiri, jioni bwana shamba anasema kazi haikumalizika, basi siku hiyo haikuwepo.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeongeza safu ya tatu kwenye daftari. Majina, siku, dole gumba. Kila jina mbele yake 30, 30, 30, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka macho ya mtazamaji yaizoee. Jina la mwisho, 29.

Usieleze. Usiweke mtu wa kueleza.

Na vichwa vya safu viandike kwa Kiswahili, herufi za Kirumi. Utawala ule uliendeshwa sana kwa Kiswahili. Walikuwa na makarani waliosoma shule ya serikali pale Tanga, na maakida, wale wasimamizi wa maeneo chini ya Wajerumani, wakiandikiana barua kwa lugha hiyo. Mwenye shamba kuwa na daftari lake la namna hiyo si jambo la ajabu. Ila nakusihi, kalamu ya bolpeni isionekane. Nimeona filamu moja ya mambo ya kale, chifu anatia sahihi kwa kalamu yenye kifuniko cha buluu. Nilizima.

---

MwanaKibokoni, Leeds

Dadangu, salamu kutoka kwenye baridi kubwa kuliko ya Lushoto. Mimi ni wa Mombasa, nililetwa Uingereza nikiwa shule, na masomo ya A-level nilisoma Media. Kazi yetu ilikuwa hiyohiyo yako: dakika mbili za mwanzo wa filamu, majina juu, halafu kujieleza. Na darasa letu karibu nusu tulichagua gothiki. Hapa Leeds kuna magofu ya watawa, Kirkstall Abbey, ya tangu karne ya 12, na kuingia ni rahisi. Basi ungetuona! Msichana aliyevaa gauni jeupe anakimbia kati ya nguzo, msichana mwingine aliyevaa gauni jeupe anamsubiri apishe. Kasri tulikuwa nalo, ukungu tulikuwa nao, kunguru walikuja wenyewe. Hofu hakuna. Walikuwa hawana sababu ya kukimbia, yaani hadithi haikuwa na kitu nyuma yake.

Kwa hiyo mwalimu wako akisema kasri, mrudishe kwenye mwanzo wa utanzu wenyewe. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alitoa riwaya ya The Castle of Otranto mwaka 1764. Kasri limo, ndiyo, hata kofia kubwa ya chuma inayoanguka na kumponda bwana harusi imo (mambo ya ajabu, usiniulize). Lakini kinachosukuma kisa chote ni mali. Mtawala anakalia milki ambayo babu yake aliipata kwa kumpa sumu mwenyewe halali, na nyumba inaidai. Tena Walpole hakusema ameitunga. Toleo la kwanza alidai ni tafsiri ya maandishi ya zamani yaliyokutwa kwenye maktaba ya familia moja kaskazini mwa Uingereza. Haya hesabu: nyumba kuukuu, mali isiyo ya anayeikalia, karatasi ya zamani inayofukuliwa. Dadangu, unavyo vyote. Na baada ya aliyosema mwalimu wa Korogwe, unavyo kuliko wengi wa huku. Kasri la Lushoto ni hiyo nyumba ya mlowezi, wala huhitaji kulijengea mnara.

Kuhusu skrini nyeusi, usikubali mtu akwambie ni kupoteza muda. Filamu ya The Innocents ya Jack Clayton, 1961, inaanza na giza na sauti ya mtoto anaimba, kabla hata nembo ya kampuni haijatokea. Wewe una bati. Bati ni letu.

Tathmini: usiandike "tulitumia ukungu ili kuleta hofu". Kila mtu ataandika hivyo na msahihishaji atakuwa amelala. Andika sekunde. "Sekunde ya 48 mwanga unatoka kwenye fremu na kamera inabaki." Halafu sema ulitaka nini pale, na walioitazama walifanya nini. Yule wa Mwanza aliyetoka nje ni ushahidi, mwandike. Kumpinga mwalimu si tatizo kama unampinga kwa picha zako.

Ila na mimi nina langu la kukubana. Yule mzee. Kwenye gothiki za huku kuna mhusika anayerudi kila mara, mwenyeji wa kijijini, anatetemeka, anamwonya mgeni, kisha habari zake zinaishia hapo. Yupo kwa ajili ya kutisha tu. Wewe umemweka mzee wa Kisambaa mlangoni, anasema maneno yasiyotafsiriwa, anabaki nje. Kwa mtazamaji wa Dar si amekuwa hilohilo, mtu wa ajabu wa milimani? Au kuna kitu amesema? Mimi ningekuwa msahihishaji ndilo swali ningeuliza kwanza, kabla ya kasri.

---

Chogo wa Manzese

Huyo wa Leeds kauliza swali langu. Mzee alisema nini?? Toka jana nipo hapa.

Na 29 imenimaliza. Naliondoa jini langu kwenye mjadala.

---

BintiSoni

Shikamoo mwalimu, na shikamooni wote mnaostahili. Nimesoma kila kitu kwa kurudia, wenzangu nimewatumia, sasa tunagombana vizuri zaidi.

Nianze na mzee, maana Chogo atakufa. Kwenye skripti nilimwandikia "Karibu nyumbani", basi. Kamera ilipowaka akasema kitu kingine kabisa, akanyamaza, akatuangalia kana kwamba sisi ndio tumesahau maneno. Kwa Kiswahili ni hivi: "Walikuwa wanakungoja jana."

Nilipomwuliza baadaye akasema ndivyo mtu aliyechelewa anavyoambiwa, hakuna zaidi. Nikaiacha. Nyumbani Soni niliwaonyesha mama na mashangazi kwenye kompyuta, walikuwa wanapiga soga mpaka pale, mzee aliposema, shangazi mmoja akauliza "nani hao?" na mama akamwambia anyamaze aone. Dar hakuna aliyesikia kitu. Kwa hiyo, dada wa Leeds, kwa mtu wa Dar umenibana kweli, anamwona mzee wa ajabu. Lakini Msambaa anaingia ndani ya ile nyumba akiwa anajua zaidi ya huyo mwanamke, na mwanamke ametoka mjini, hajui lugha ya babu yake, ndiyo maana anapanda ngazi. Akielewa hapandi. Hilo naliandika kwenye tathmini, na tafsiri siweki hata wakinikata alama. Mwalimu wangu anatoka pwani, atalalamika. Nitamwandikia maana yake kwenye tathmini, kwenye filamu hapana.

Mwalimu wa Korogwe, hatukubahatisha kabisa, na hatukujua vizuri pia. Babu mzaa mama alikuwa akitaja "kadi" bila kueleza, sisi tulidhani ni kadi za chama. Daftari tulilitunga kutokana na hapo. Safu ya siku tunaiongeza, na shoti za daftari tunaweza kuzirudia hapahapa Dar, meza tu na chemli. Bolpeni haikutumika, tulitumia wino wa mhuri na kijiti. 30 nitaziandika mimi mwenyewe zote, kwa mwandiko mmoja, maana karani alikuwa mmoja.

Kaka Taa Mbili, kivuli kinapanda. Aliyeshika taa ya pili ni mfupi kuliko wote na alikuwa amechuchumaa anatembea hivyohivyo, ametutukana sana. Kurefusha ukuta mweusi nakubali nusu. Dakika mbili ni dakika mbili, wanapima, ukizidisha wanakata. Nikiupa ukuta sekunde nne zaidi lazima nizitoe mahali, na mahali pekee ni barabarani, kwenye ukungu wangu mzuri. Nimeangalia tena: mwanamke anatembea mno. Itakatwa. Mwalimu kasema ukungu peke yake haufanyi gothiki, nadhani hapo tu tunakubaliana, ila yeye anataka niongeze kasri na mimi napunguza ukungu.

Perere anarudi, Chogo furahi. Lakini si kwa kukutisha wewe. Ile shoti mwanamke anapogeuka juu ya ngazi, sasa ana sababu ya kugeuka: perere analia mbali msituni. Yeye anageuka, mzee hata shingo haimtikisiki. Yule ni mtu wa kule, anamjua perere. Kinachomfanya mzee asiingie ndani si kelele za msituni. Hatukuhitaji kushuti upya hata kitu, ni kuisogeza sauti tu kwenye programu ya kuhariri. Nimejaribu usiku huu na inakaa.

Bado sijajua nifanye nini na majina ya washiriki. Sasa hivi yako kwa herufi zenye mikia mirefu, mwenzetu alizipakua mahali, zinachuruzika chini kidogo. Naona aibu kuzitaja.

---

MwanaKibokoni, Leeds

Herufi zinazochuruzika! Toa, toa, toa leo. Chukua mwandiko uleule wa daftari, yaani wako, andika majina ya kikundi kwa wino na karatasi ileile, upige picha. Na "walikuwa wanakungoja jana" pamoja na ile 29... umewahi kuwaambia wenzako kwamba hizo mbili zinaongea? Siku moja inadaiwa, na yeye amechelewa siku moja.

---

BintiSoni

Sikuwa nimeiona. Kweli sikuwa nimeiona, moja ni ya mzee na nyingine ni ya mwalimu wa Korogwe na hawajuani. Sasa siwezi kuandika kwamba nilikusudia.

---

Mwalimu Mstaafu Korogwe

Andika ilivyotokea. Na mzee mweke kwenye majina, si "mlinzi" tu bali na "maneno", kwa kuwa sentensi ni yake. Kama hasomi, msomee kabla hamjawasilisha.

---

Taa Mbili

Perere mshushe sauti, na uikate ile mivumo ya chini ya simu kabla hujaisogeza mbali, la sivyo utasikia upepo wa kipaza sauti chako badala ya msitu. Jaribu kwenye spika mbovu kabisa ya darasani, si kwenye hedifoni. Wanasahihishia kwenye ile mbovu.

---

Chogo wa Manzese

Ukishapata alama lete hapa. Na kama kuna dakika ya tatu nitalipa.